Matairi ya Kwenda kwa Shemeji

Jumatatu, 2 Machi

Tangu nistaafu sina tena mita ya mtu ya kusoma, kwa hiyo jioni najisoma mwenyewe. Siku nyingi hakuna cha kuandika. Leo kipo.

Asubuhi mke wangu alipigiwa simu na dada yake. Nilikuwa barazani napangusa pikipiki, nikasikia sauti yake kule ndani ikibadilika, ikawa ya mtoto. Hivyo ndivyo anavyozungumza na dada yake siku zote, maana ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto wa kusukwa nywele na majirani.

Akatoka na simu mkononi. "Dada haendelei vizuri. Kifua. Anataka niende nikakae naye kidogo kabla mvua hazijashika."

"Jumamosi," nikamwambia. "Nabadilisha matairi, Jumamosi asubuhi tunaondoka."

Nilimaanisha. Pikipiki ni ileile niliyosomea mita za maji mji mzima, idara ikaniuzia nilipoaga. Injini yake ni nzima, kiki moja inaitika. Matairi ndiyo yamezeeka kwa kukaa. La nyuma limeota upara katikati. La mbele lina meno bado, lakini ubavuni limepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Na njia ya kwa shemeji si ya mzaha: nusu yake lami, nusu yake udongo, na katikati kuna mto wenye daraja la chini linalofunikwa mvua ikikasirika. Gari la abiria linaishia njia panda, upande wetu wa mto.

"Jumamosi hii?" akauliza.

"Jumamosi hii."

Jumatano, 4 Machi

Dukani kwa Bwana Upepo. Jina hilo alipewa zamani alipokuwa na pampu tu chini ya mwavuli, akiwajazia watu upepo. Siku hizi ana duka lenye matairi yaliyoning'inia mpaka darini, na wanaume hukaa humo juu ya marundo ya matairi wakinywa chai ya tangawizi na kubishana. Sikuwa nimekaa humo sawasawa hata siku moja. Leo nimekaa.

Alinitolea aina tatu. Ya kwanza ya mistari, ya kukimbilia kwenye lami. Kwenye tope hilo tairi ni sabuni. Ya pili ya meno makubwa, inayokula tope kama jembe, lakini kwenye lami inatetemesha mpaka meno ya mpandaji nayo yagongane. Ya tatu ni mchanganyiko, si mbichi si mbivu. Nikaanza kulizungusha kila tairi kutafuta zile tarakimu nne za ubavuni zinazosema lilitengenezwa lini. La mistari nikakuta limekaa dukani kupita kiasi. Nikamwonyesha.

"Duh!" akasema Bwana Upepo. "Njooni mwone. Huyu si mteja, huyu ni injinia."

Wakaja. Nikawaeleza kwamba mpira nao huzeeka hata kama haujakanyaga barabara, hukakamaa, na mpira mkavu kwenye lami yenye maji haushiki kitu. Mmoja wao, mwenye kofia ya pama, akakimbia nje kukagua tairi la pikipiki yake, akarudi uso umemshuka. Wakacheka. Nikaongezewa chai.

Nikasema nitafikiri. Nimerudi nyumbani jua limeshaanza kupinda, mikono mitupu, na moyo mweupe kama sijui nini.

Jumamosi, 7 Machi

Hatukwenda. Nimemwambia Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 9 Machi

Manyunyu ya kwanza, ya kutuliza vumbi tu.

Nilimpa mke wangu somo zima la matairi wakati anapepeta mchele. Nikamweleza ya mistari, ya meno, ya mchanganyiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza angekuwa yeye angechukua yapi.

"Ya kufika," akasema, akaendelea kupepeta.

Nikacheka. Ni mwepesi wa maneno, huyu mwanamke. Kesho nitawasimulia dukani.

Alhamisi, 12 Machi

Leo hoja ilikuwa nzito: je, mtu anaweza kuweka meno nyuma na mistari mbele? Bwana Upepo anasema inawezekana, nyuma ndiko kunakosukuma. Mwenye pama anasema mbele ndiko kunakoongoza, na mkono usiotii kichwa ni hasara. Mimi nikasema pikipiki ni kama mke na mume, huwezi kumvika mmoja viatu vya shamba na mwingine vya harusini, kisha ukategemea watatembea pamoja. Walicheka mpaka mwenye pama akamwaga chai.

Niliwaambia pia lile la "ya kufika". Bwana Upepo hakucheka sana. Akaniuliza, "Kwani mnakwenda wapi, mzee?" Nikamwambia kwa shemeji, kifua kinamsumbua kidogo tu. Akasema, "Haya."

Jumamosi, 14 Machi

Alikuwa amevaa tangu alfajiri. Gauni la safari, kilemba, kapu limefungwa kitambaa juu. Nilimweleza kuwa Bwana Upepo ameagiza matairi ya mchanganyiko yenye mpira mpya, maana yaliyopo ni ya saizi ya nyuma tu. Hakubisha. Alikaa kitini mpaka saa sita, kisha akaingia chumbani akavua.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya kula akasema, "Nimefikiri. Nikipanda gari mpaka njia panda, pale kuna vijana wa bodaboda. Mmoja anivushe."

Damu ikanipanda. "Mke wangu apakiwe na mtu baki, pikipiki yangu iko barazani? Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

Watu gani kweli? Lakini nilikuwa nimekasirika, na mwenye hasira hajibu, hurudia. Nikarudia. Nikamwambia wale vijana wanaendesha kama wanaokimbizwa na nyuki, na njia ile imeshalowa, na mimi ndiye nimeijua barabara miaka yote. Akaondoa vyombo.

"Basi, baba," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Ananiita baba anapokuwa hana la kuongeza.

Jumatano, 18 Machi

Mvua kutwa. Nilikuwa dukani.

Jumamosi, 21 Machi

Amevaa tena. Amevua tena. Matairi hayajafika.

Shemeji mwenyewe alipiga simu, akaomba kuzungumza nami. Sauti yake imekonda, ila ulimi uleule. Sisi ni wa utani tangu siku ya mahari, aliponiambia kuwa mdogo wake hauzwi, anaazimishwa.

"Shemeji," akasema, "hebu niambie ukweli. Unachagua matairi au unachagua mke wa pili?"

"Nachagua matairi, shemeji. Mke wa pili atapanda nini?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri mpaka kikaisha. Kisha akasema, "Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikufa mapema, laiti wangekuona wewe. Nileteeni mtu wangu, shemeji."

"Nakuletea."

"Nawe pia nikuone. Nikutukane uso kwa uso, kwenye simu hainogi."

Nikamwahidi. Nilipomrudishia mke wangu simu hakunitazama.

Jumatano, 25 Machi

Hii nataka niiandike yote, ingawa sipendi.

Matairi ya mchanganyiko yamefika. Bwana Upepo alinipigia simu mapema na nilikwenda mbio chini ya mvua. La nyuma zuri, mpira laini, tarakimu za juzijuzi. La mbele zuri pia, ila nilipolishika nikaona ni nene kidogo kuliko lile la asili. Bwana Upepo akasema litaingia, watu wengi wanaweka hilo. Nami nikasema litaingia, sawa, lakini litagusa madigadi tope likijaa. Mwenye pama akasema haligusi. Nikasema linagusa. Ikaletwa rula. Ikaletwa chai. Nikakaa juu ya rundo langu, maana sasa lipo rundo linaloitwa kiti cha Injinia, nikaanza kuwasimulia siku nilipovuka bonde nikifuata mita ya tajiri mmoja, mbwa wake wakanipandisha juu ya mti, na mita nikaisomea huko huko kwa darubini ya mlinzi. Walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka, mguu juu ya mguu.

Nikainua macho nikaona mwavuli wa bluu mlangoni.

Mke wangu hajawahi kufika dukani pale. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope, alikuwa amenikosa kwenye simu. Alitutazama sote: mimi, kikombe, rula, matairi mawili mapya yaliyoegemezwa ukutani. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeiona ningejua la kufanya. Alikuwa na sura ya mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

"Karibu, mama," Bwana Upepo akasema, akisimama.

"Ahsante. Nilikuwa napita."

Akageuka akaenda zake. Hapapitwi pale. Pale ni mwisho wa mtaa.

Nilipaswa kuinuka pale pale, nimfuate, au niseme fungeni matairi hayo sasa hivi. Nilimaliza hadithi. Kulikuwa na watu wanaosubiri mwisho wake, nikaona aibu kuikatisha.

Jioni nilimuuliza alikuwa anataka nini. Akasema mkamwana wa dada yake alipiga simu: mgonjwa sasa haamki kitandani.

Matairi nimeyaacha dukani. Nimemwambia Bwana Upepo aulizie la mbele lililo jembamba.

Jumapili, 29 Machi

Amekwenda.

Nilirudi kutoka msalani nikamkuta mlangoni na kapu lake, amevaa makoti mawili na viatu vyangu vya mpira. Nje kulikuwa kunanguruma lori.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Kwa mvua hii? Na nani?"

"Lori la saruji linakwenda njia panda. Dereva ananishusha pale."

"Na kutoka njia panda?"

"Nina miguu."

"Subiri basi kesho. Kesho nakwenda kumaliza lile la mbele, halafu..."

"Umalize nini, mume wangu?" Aliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua. "Sikukasirikii. Nimechoka kuvaa na kuvua."

Dereva akapiga honi. Nilimpokea kapu, nikalibeba mpaka kwenye lori, nikampandisha. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Akakaa karibu na dereva, mtu baki kabisa, akafunga mlango wa lori kwa nguvu kwa sababu haukuwa unafungika vizuri, nao wakaondoka.

Alasiri akanipigia. Amefika. Daraja alilivuka kwa mguu, maji yakimlamba vifundo, ameshikana mkono na mwanamke mmoja muuza chumvi. Nikamuuliza shemeji yukoje. Akasema, "Amenijua." Simu ikakatika.

Jumatatu, 30 Machi

Nimefunga matairi. Yaleyale ya mchanganyiko yaliyokuwa yameegemezwa ukutani. La mbele halikugusa madigadi.

Bwana Upepo alitoa yale ya zamani, akasafisha kutu ndani ya rimu, akatia utepe mpya juu ya spoki, tyubu mpya, akaipaka poda, akakaza. Chai niliyoletewa bado ilikuwa inatoa moshi alipoweka spana chini. Hakuna aliyetania. Mwenye pama alisema tu, "Safari njema, mzee."

Kazi yote hiyo, na chai haijapoa.

Jumanne, 31 Machi

Nimekwenda, nimerudi.

Kwenye lami pikipiki ilitulia kama iko sebuleni. Kwenye udongo, tope lilikuwa mpaka kwenye vikanyagio, nayo inapanda tu, inashika, inaniuliza kwa nini nilikuwa naogopa. Nilianza hata kuimba. Nikateremka mteremko wa mwisho na pale ambapo huwa kuna daraja pakawa na mto tu, mwekundu, unabeba magogo. Daraja liko chini yake. Upande wa pili nilimwona mtu na mbuzi wake wamesimama wanatutazama, nasi tuliokwama huku tunawatazama wao.

Mzee mmoja aliyekuwa amejikinga na gunia kichwani aliniambia daraja limezama tangu usiku wa Jumapili.

"Una matairi mazuri," akasema.

Nikasema ahsante.

Ijumaa, 3 Aprili

Shemeji ameaga dunia.

Mke wangu alinipigia akiwa juu ya kilima, ndipo simu inapopata mtandao. Alisema, "Dada ametutoka." Nikamwambia pole. Nikasema pole tena. Kisha nikasema nakuja, na yeye akasema, "Mto umejaa." Nikasema najua. Nikawa nasikia upepo wa huko kilimani.

"Kuna mtu wa kukusaidia?" nikauliza.

"Watu wapo. Majirani zake ni wema."

"Mazishi lini?"

"Kesho. Hawawezi kungoja maji."

Nilitaka aseme neno. Angenilaumu ningeomba radhi, angelia ningembembeleza. Alisema tu nisisahau kufungia kuku, mvua zikiwa hivi vicheche huingia.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilivaa suti ile ya kuagwa kazini, nikapanda pikipiki, nikaenda mpaka mtoni. Nilijua maji hayajapungua. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani.

Nilisimama pale tangu kabla ya adhuhuri. Ng'ambo njia inapanda, inapinda kwenye mawe, haionekani tena; nyumba yake iko nyuma ya pale. Nilijaribu kukisia: sasa wanamtoa, sasa wanapanda naye. Mke wangu atakuwa nyuma ya jeneza, au mbele? Ameshikwa na nani? Alibebwa mgongoni na dada yake, na leo anamsindikiza hana hata bega la mumewe. Muuza chumvi alimshika mkono darajani. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa naulizia tairi jembamba.

Na mimi nilimpoteza mtu wangu. Hilo sikulijua mpaka nimesimama pale. Katika ukoo wote wa mke wangu, ndiye pekee aliyekuwa ananitania. Wengine wananiheshimu.

Mvua ikanikuta njiani kurudi. Sikusimama kujikinga.

Jumatano, 8 Aprili

Mto bado. Kuku wapo wote.

Alhamisi, 9 Aprili

Mto bado.

Jumapili, 12 Aprili

Bwana Upepo alikuja kutoa pole. Alivaa shati jeupe, ameshika kofia, sikumtambua kwanza. Tukakaa barazani tunaitazama mvua. Sikuwa na cha kumkaribisha ila chai niliyoipika mwenyewe, imezidi majani, akainywa yote.

Akaweka kikombe chini akasema, "Mzee, lile tairi la mchanganyiko, la nyuma, nililokuwa nalo siku ya kwanza. Ningeweza kukufungia hilo, na mbele nikakuwekea la mistari la dukani kwa ndugu yangu. Mngefika vizuri tu."

"Najua," nikasema. Sikuwa najua. Au nilikuwa najua.

"Sikusema. Ulipokuwa unakuja duka lilikuwa linachangamka. Nikajiambia mzee ana nafasi yake, haraka ya nini? Siku mama alipokuja mlangoni ndipo nikaelewa kuna mgonjwa wa kweli. Na hata hapo nikanyamaza."

Nikamwambia asijibebeshe mzigo usio wake. Mgonjwa alikuwa shemeji yangu, si yake.

Alipoondoka nilikaa nikajiuliza swali moja: nilikuwa natafuta nini pale? Si tairi. Mtu husoma mita maisha yake yote, kila mlango anaogonga anaulizwa, "Bili yangu mbona kubwa?", siku moja anaagwa kwa soda na suti, na tangu siku hiyo hakuna anayemuuliza chochote. Pale dukani niliulizwa. Nikisema neno, watu walikwenda nje kukagua. Ningenunua, ningekuwa mteja aliyeondoka. Kwa hiyo sikununua.

Na nyumbani kulikuwa na mtu aliyekuwa ananiuliza kila siku. Swali lake lilikuwa dogo mno kwangu. Tunaondoka lini?

Jumamosi, 18 Aprili

Maji yameshuka. Nilivuka asubuhi, daraja limejaa mchanga na matawi, pikipiki ikapita juu yake bila hata kuyumba.

Mkamwana wa shemeji alinipokea uani, akanitolea kiti, akaniletea maji ya kunawa. Mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono. Amepungua. Akanisalimu vizuri, akaniuliza za safari, akaniambia karibu. Kama mgeni. Nilitaka kumkumbatia, kiti kile kikawa kinanizuia. Ukishapewa kiti cha mgeni unakaa.

Jioni alinipeleka kaburini. Udongo bado mbichi, mvua imeuchimbachimba, wameweka mawe pembeni. Tulisimama. Nikasema nisamehe. Sijui nilimwambia yupi kati yao.

Akaanza kusimulia, uso kauelekeza kwenye mawe.

"Siku za mwisho alikuwa anasikia kila kitu. Pikipiki ikipita kule chini anafumbua macho, ananiuliza, 'Ni shemeji?' Namwambia, 'Bado, yuko njiani.' Ikipita nyingine, 'Ni shemeji?' Namwambia yuko njiani. Nikamwambia unatengeneza matairi ili uje kwa usalama. Nikamwambia wewe ni mtu mwangalifu. Nilikutetea mpaka mwisho."

"Kwa nini?"

"Sasa ningemwambia nini? Kwamba upo kwa Bwana Upepo unacheka?"

Nilisimama. Yeye akainama, akang'oa jani moja lililoanza kuota kati ya mawe, akatangulia kurudi.

Jumanne, 21 Aprili

Tumerudi. Njia nzima alinishika kiunoni kama kawaida. Karibu na njia panda akanigonga begani nisimame. Nikafikiri amechoka. Aliteremka, akaizunguka pikipiki polepole, akaitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Hii klachi ni ya mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na breki?"

Nikamwonyesha.

"Utanifundisha," akasema. Halikuwa swali.

Midomo yangu ilishafunguka kusema kwamba pikipiki ni nzito, kwamba umri, kwamba watu. Nikaifunga.

Jumapili, 3 Mei

Kiwanja cha mpira, baada ya watoto kuondoka. Alizima injini mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, na nikavumilia. Nikisema "legeza klachi taratibu", anasema "nimesikia". Nikisema tena, anasema "nimesikia mara ya kwanza".

Ameanguka mara moja, kwenye nyasi. Nilikimbia. Akanyoosha kiganja nisimame pale pale, akainuka mwenyewe, akaiinua pikipiki mwenyewe, akipiga kite kama mkata kuni.

Jumapili, 10 Mei

Gia ya pili. Ya tatu. Kazunguka kiwanja kizima huku mwenye pama na wenzake wamekaa ukutani wanampigia makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa namwangalia usoni: hakuwa akitabasamu wala hakuwa na huzuni, alikuwa anatazama mbele tu. Sikumbuki lini nilimtazama hivi kwa muda mrefu bila kuwa nasubiri zamu yangu ya kusema.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua ndogo. Nimemnunulia viatu vya mpira vya saizi yake. Akavijaribu, akasema vinamtosha. Sikumpa maelezo yoyote kuhusu soli.

Jumapili, 24 Mei

Leo amenipakia mpaka kwa dada yake.

Njia imekauka, vumbi limeanza kurudi. Alisema kwenye lami atakwenda polepole, na alikwenda polepole. Magari yakatupita yakipiga honi, hakushughulika nayo. Mimi nilikuwa nyuma na kapu mapajani.

Ukiwa nyuma huioni barabara. Unaona mgongo, ukosi wa koti, na pembeni mambo ambayo tayari yamekupita. Shimo hulijui ila linapokugonga chini. Akipunguza mwendo hujui kama ni ng'ombe, au mto, au amechoka, na huwezi kuuliza kwa sababu ya upepo. Unakaa tu na kuamini kwamba aliye mbele anakumbuka kuwa nyuma yake kuna mtu. Maisha yote ya ndoa yetu alikaa hapa. Nilikuwa najivunia kwamba nampeleka kila mahali.

Nilitaka kumwambia. Lakini angelazimika kusimama ili anisikie, na leo hakutaka kusimama.

Darajani aliteremsha gia bila mimi kusema. Akavuka. Akapanda kilima, akapinda kwenye mawe, akazima injini chini ya njia ya kaburini. Akavua kofia, akatoa maua kwenye kapu lililokuwa mapajani mwangu, akakung'uta vumbi la gauni.

"Nishikie pikipiki," akasema. "Kuna mteremko hapa."

Nikaishika. Akapanda peke yake, akakaa huko muda mrefu. Mara moja nilisikia anacheka, peke yake, kisha kimya. Sikumwita. Jua lilinihama bega moja likaenda la pili, nami nilikuwa bado nimeishika.